Chupa ya Kumi na Tisa

Mwezi uliopita tulimzika Bi Saumu huku Msambweni, na ndipo nilipomwona tena Daktari Wairimu baada ya miaka mingi. Nilikuwa nimeketi mkekani pamoja na wanawake wengine, hitima haijaanza, nikaona mama mmoja mtu mzima, amejitanda mtandio vibaya kama wafanyavyo wageni wa bara wakija kwenye misiba yetu, akivua viatu mlangoni kwa taabu huku ameshika fimbo. Kwa uso sikumtambua. Nilimtambua kwa mikono, kwa jinsi alivyoinua vidole vyake visiguse kitu njiani, kana kwamba bado amevaa glavu. Alikuja moja kwa moja akakaa kando yangu, akanyoosha mguu wake mbovu, na kabla salamu hazijaisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bado unaenda kupimwa?" Nikamwambia naenda, kila mwaka, na mpaka sasa alhamdulillahi. Akatikisa kichwa polepole. Tukasikiliza watu wakimsifu marehemu kwa mapishi yake na kwa ulimi wake mzuri, na mimi nikawa simo tena katika chumba kile. Nilikuwa nimerudi katika nyumba ya Diani, katika mwaka ambao sisi watatu tuliishi kwa ajili ya chupa moja.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Nilikuwa na stashahada ya maabara, nimechumbiwa, na nimepata kazi ambayo hata kuieleza kwetu nilishindwa. Nyumba yenyewe ilikuwa safu ya pili kutoka ufuoni, imejengwa na mzungu mmoja aliyekuwa akija kupumzika, kisha mradi wa Daktari Wairimu ukaikodi. Chumba cha kulia kiligeuzwa maabara. Madirisha yake yalizibwa kwa plastiki na gundi ili vumbi na ukungu visipate kuingia, kwa maana hewa ya pwani ina ukungu ambao macho hayauoni na unaota popote penye unyevu. Ukiwa ndani hukujua kama nje kunanyesha au kunawaka jua. Ulisikia tu tuktuk zikipita kwa mbali, na mashine ya kupoza hewa ikinguruma juu ya kichwa chako. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na kistoo cha zamani cha vinywaji, kimetiwa kitanda cha mbao na ndoano mbili za kutundikia nguo. Humo ndimo nilimolala mwaka mzima. Daktari alikuwa amenieleza siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake cha Nairobi kisichozunguka, "Hii si kazi ya saa mbili mpaka saa kumi. Seli hazijui Jumapili. Hazijui Idi. Lazima mtu akae nazo."

Alichokuwa akikitafuta kilikuwa hiki. Mwanamke anapopasuliwa kwa ajili ya uvimbe wa ovari, kipande kinachotolewa kwa kawaida hutupwa. Daktari aliomba vipande hivyo vije kwetu ndani ya sanduku la barafu. Tulivikatakata, tukavilainisha kwa dawa mpaka seli zikaachana, tukazipanda katika chupa bapa zinazolala kama kitabu, ndani yake mna maji ya rangi ya waridi ambayo ndiyo chakula chake. Chupa zikawekwa katika kabati lenye joto la mwili wa mwanadamu na gesi kidogo ya ukaa. Seli zikishika sakafu ya chupa zinaishi wiki mbili, tatu, zinatoa homoni kama zilivyokuwa zikitoa tumboni, kisha zinachoka na kufa. Daktari alitaka zisizochoka. Alitaka zile zitakazogawanyika na kugawanyika tena, wajukuu na vitukuu vyake vitoe homoni ileile, ili watu waweze kuchunguza namna ovari ya mwanamke inavyofanya kazi bila kukisia kutoka kwa panya na nguruwe. Alikuwa na neno lake kwa hilo. Aliliita ukoo. "Mejumaa," aliniambia mara nyingi, macho yake yakiwa kwenye hadubini, "tunataka ukoo mmoja tu. Mmoja."

Kazi yangu nyingine ilikuwa kwenda hospitalini, hospitali ndogo ya binafsi ambayo siku hizi haipo, kuwasomea wanawake fomu ya ridhaa. Ile fomu niliifasiri mimi mwenyewe, na niliona fahari juu yake, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa safi na hakikumtisha mtu. Kulikuwa na mstari mmoja ulioandikwa hivi: "Kipande changu kitapewa namba badala ya jina, na mimi sitaambiwa yatakayogunduliwa ndani yake, wala sitayaulizia." Wanawake walikuwa wakinisikiliza, wengine wakinitazama mdomo, kisha wakaweka sahihi au dole gumba. Hakuna aliyewahi kuniuliza juu ya mstari ule. Na sisi wafanyakazi tulikuwa na kanuni yetu, imebandikwa nyuma ya mlango: damu au nyama ya mfanyakazi isiingie katika maabara hii. Nilipomuuliza Daktari sababu yake, alisema mfanyakazi hawezi kumkatalia bosi wake, na ruhusa ya mtu asiyeweza kukataa si ruhusa.

Katika mwezi wa nne nikaanza kutokwa na damu isiyokoma, na tumbo upande wa kushoto likawa zito kana kwamba nimemeza jiwe. Daktari mpasuaji wa hospitali ile, ambaye ndiye aliyekuwa akituletea vipande, alinipima na kuniambia ovari moja ina uvimbe na lazima itoke. Nilifikiri mambo mawili tu. La kwanza, Athman. Harusi yetu ilikuwa imepangwa Mfunguo Tatu, na mama yake alikuwa ameshaanza kuzungumzia wajukuu kana kwamba wako uani wanacheza. La pili, kazi. Basi nikawaambia watu wote, Daktari Wairimu akiwemo, kwamba nina kidole tumbo na kwamba nitapasuliwa Mombasa. Mpasuaji, asiyeijua kanuni yetu, aliniahidi kwamba hatamwambia mtu. Siku nilipolala kwenye kitanda cha hospitali, muuguzi akaniletea fomu yangu mwenyewe. Hakujua mimi ni nani, alikuwa mgeni pale. Akaanza kunisomea maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu, nami nikiwa nimevaa gauni la kijani lililofungwa mgongoni kwa kamba. Nilipaswa kusema, mimi ni mfanyakazi wa pale, kanuni hainiruhusu. Lakini ningesema hivyo, habari ingefika Diani siku hiyohiyo. Na tena niliona haya kukataa kitu nilichokuwa nikiwaomba wengine wakubali. Nikatia sahihi. Baada ya upasuaji yule mpasuaji alinipapasa bega akaniambia, "Tumetoa yote. Una nyingine nzima. Nenda ukaolewe." Hakuniambia nirudi lini, nami sikuuliza.

Nilirudi kazini baada ya wiki tano. Daktari alinipokea kwa furaha ya mtu aliyechoka kufanya kazi za wawili, akanivuta mpaka kwenye hadubini hata mkoba sijaweka chini. "Angalia hii," alisema. "Ilikuja ukiwa nyumbani. Niliipanda mwenyewe." Niliangalia. Seli zilikuwa zimetanda sakafu yote ya chupa, nene, zimebanana, nyingine zikiwa katikati ya kugawanyika. Sijawahi kuona chupa imejaa namna ile. Nikaigeuza kusoma kibandiko: namba kumi na tisa, na tarehe, kwa mwandiko wa Daktari. Ilikuwa tarehe yangu. Siku ile mpasuaji alikuwa na watu watatu kwenye orodha yake, nami niliwaona wote kwenye benchi la kungojea: wanaume wawili wenye ngiri, na mimi.

Nakumbuka nilisema, "Mashallah, zimekua," na sauti yangu ikatoka sawasawa. Nakumbuka pia kwamba jioni ile nililazimika kuzilisha, kwa sababu ilikuwa siku yake ya kulishwa. Nikamwaga chakula cha zamani kilichogeuka manjano, nikatia kipya cha waridi, taratibu, pembeni mwa chupa, zisije zikang'oka.

Bi Saumu ndiye aliyekuwa akituoshea vyombo vya maabara na kutupikia. Hakujua kusoma, lakini alijua kutazama. Siku ya pili nilikuwa jikoni nimeinama kuokota kijiko, akaniuliza, "Mwanangu, kidole tumbo walikupasua upande gani?"

"Wa kulia, bibi."

"Mbona washika kushoto?"

Nikauondoa mkono tumboni. Aliendelea kukuna nazi yake, akaikamua tui la kwanza, akalitenga. "Mie sikuulizi zaidi," alisema. "Siku ukitaka kusema, mie nipo hapa hapa na mbuzi yangu ya nazi." Aliniwekea sahani ya sima na mboga ya mchunga, akakaa kunitazama mpaka nikamaliza, na tangu siku hiyo akawa hanipi kitu kizito nikibebe.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoiita kifungo, ingawa mlango haukufungwa kwa kufuli. Chupa zingine zote zilikufa moja baada ya nyingine. Kumi na tisa haikufa. Chupa moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, nane, na kila mara nilipozigawa nilihisi kama nimeongezewa mlinzi mwingine. Zilikuwa zinataka kulishwa kila baada ya siku moja. Umeme ukikatika, mimi ndiye niliyekimbilia jenereta. Gesi ya ukaa ikipungua, mimi ndiye niliyempigia simu Athman, kwa sababu Athman alikuwa karani wa stoo katika hoteli moja hapo Diani, na mitungi yetu tuliipata kutoka kwa baa ya hoteli yao, ileile gesi ya kutilia soda mapovu. Alikuwa akileta mtungi kwa mkokoteni mpaka mlangoni. Ndani hakuruhusiwa. Tulizungumza yeye akiwa amesimama kwenye kizingiti, mimi nimevaa koti na barakoa, na macho yake yakinitafuta humo ndani.

"Hata sauti yako siku hizi naisikia kwa kitambaa," aliniambia siku moja. "Mama anauliza kama umeolewa na kabati."

"Mwambie bado kidogo."

"Nilishamwambia bado kidogo. Sasa anataka nimwambie kitu kingine."

Mfunguo Tatu ulipokaribia nikaomba ruhusa ya wiki mbili. Daktari alivua miwani akasugua macho. "Mejumaa, si unaona mwenyewe hii kitu inakua? Nikibaki peke yangu nitaiua. Nipe mpaka mwisho wa mwaka. Harusi inaweza kungoja." Ningeweza kukataa. Msichana mwingine angekataa. Lakini mimi nilikuwa najua kilichomo katika zile chupa, na kila nilipofikiria kuondoka niliziona zikigeuka manjano na kung'oka sakafuni, nikashindwa kutofautisha huruma na woga. Nikamwandikia Athman kwamba harusi isogezwe. Nilimdanganya yeye kwa sababu ya kazi, nilimdanganya Daktari kwa sababu ya Athman, na uongo huo ulikuwa umekaa pande mbili kama kuta za kile kistoo nilimolala. Nikiegemea huku naugusa, nikigeukia kule naugusa.

Kisha akaja Profesa. Alikuwa mzee mpole kutoka Nairobi, ametumwa na wafadhili kukagua kazi, naye alimwita kila mtu binti au kijana. Bi Saumu alipika wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha, tukaandaa barazani kwa sababu chumba cha kulia kilikuwa maabara. Mimi nilikuwa nikipeleka sahani. Walikuwa wakizungumza Kiingereza, si kwa kunificha, ila ndivyo walivyozoea kuzungumza kazi. Nilikuwa nimeshika bakuli la samaki kwa mikono miwili nilipomsikia Profesa akiuliza, "Na huyu mwanamke mwenye kumi na tisa, bado yu hai?"

"Sijui," Daktari alijibu. "Sina ruhusa ya kujua."

"Alikuwa kijana?"

"Karatasi inasema ishirini na nne."

Profesa alichambua mwiba akauweka ukingoni mwa sahani. "Uvimbe wa aina hii una subira sana. Unakaa kimya miaka mitano, kumi, hata ishirini. Mtu amezaa, amesahau, halafu unarudi. Natumaini kuna mtu anayemfuatilia."

Niliweka bakuli mezani. Nikajisikia nikiuliza, "Na mgonjwa mwenyewe huwa anaambiwa?"

Profesa alinitazama kwa wema. "Daktari wake ndiye anayepaswa kumwambia, binti. Sisi hatumjui."

"Ndiyo maana ya namba," Daktari Wairimu akaongeza, kwa fahari kidogo, kama anayeeleza mambo mbele ya mkaguzi. "Namba inamlinda."

Niliingia jikoni nikakaa juu ya gunia la mchele. Bi Saumu alikuwa akipakua wali wa pili. Alinitazama usoni, akaweka mwiko chini, akafunga mlango wa jikoni. Ndipo nikamwambia yote, kuanzia damu mpaka namba. Hakushtuka. Aliuliza jambo moja tu, "Yaani humo kabatini ni wewe?" Nikamwambia kipande changu. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwambie mwenye kabati. Kabla hajamwambia mtu mwingine." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Utaweza," akachukua sinia ya wali akaipeleka barazani mwenyewe.

Sikuweza kwa mwezi mzima. Nilifanya kazi kama kawaida, nikala kama kawaida, na kila nilipooga niliuminya ubavu kutafuta uvimbe. Leo, nikiwa nimepita arobaini, watu huniuliza kwa nini sikuenda tu kwa daktari mwingine nikapimwa. Jibu ni kwamba mtu aliyezoea kuficha anaona kila mlango ni mdomo utakaomsema. Nilikuwa nafanya kazi na madaktari, nikaishi na madaktari, na hapakuwa na hata mmoja niliyeweza kumwambia panaponiuma.

Mwisho wa mwaka tulifanya jaribio lenyewe. Tuliongeza katika chakula cha seli ile mali ghafi ambayo ovari huigeuza kuwa homoni ya kike, tukangoja siku mbili, tukachota maji yake yakaenda kupimwa Nairobi. Majibu yalikuja kwa simu. Homoni ilikuwepo, nyingi, na ilikuwepo katika kila kizazi tulichokipima. Kizazi cha kumi na tano kilifanya kazi kama cha tatu. Daktari aliweka simu chini, akaketi kwenye stuli, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Alisema alikuwa amecheka na kulia kwa ajili ya kitu hiki katika nchi tatu, na kwamba kimekuja kupatikana katika chumba cha kulia cha watu wengine, Diani. Kisha akanishika mkono.

"Ukoo lazima uwe na jina," alisema. "Watu huita kwa miji yao, kwa vyuo vyao. Mimi nataka kuuita kwa jina lako. Mwaka mzima umelala ukutani pake. Hakuna mtu mwingine anayestahili."

"Usiuite hivyo, Daktari."

"Kwa nini? Usiwe na haya."

"Kwa sababu itakuwa kweli."

Hakunielewa. Nikafungua vifungo vya koti, nikainua blauzi, nikamwonyesha kovu. Nikamtajia tarehe. Alilitazama kovu, akatazama kabati, na rangi ya uso wake ikabadilika. Nilitarajia atanikemea. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Nani anakufuatilia? Umepimwa lini mara ya mwisho?" Nilipomwambia sijawahi kupimwa tangu nitoke hospitalini, alifumba macho. Hasira ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikuwa ya haki. "Miezi minane umenilisha uongo. Mimi niliyeandika ile kanuni. Nimekutuma uzilishe kwa mkono wako mwenyewe." Alisimama, akaketi tena. "Na ile siku ya Profesa. Ulikuwa umeshika bakuli."

Kesho yake alinipeleka Mombasa mwenyewe, akakaa nje ya chumba cha picha mpaka nikatoka. Hapakuwa na kitu. Tuliporudi aliandika barua kwa kamati inayosimamia utafiti, akaeleza kila jambo, na lawama akajitwisha yeye. Jibu la kamati lilikuwa fupi. Ridhaa yangu haikuwa halali. Seli zihifadhiwe hai, lakini zisifanyiwe kazi yoyote mpaka mwenyewe aamue upya. Na mwenyewe hawezi kuamua kwa uhuru maadamu anakula mshahara wa maabara ileile. Daktari alinisomea barua hiyo tukiwa jikoni. "Siwezi kukufukuza," alisema, "na siwezi kukubakisha." Nikaandika barua ya kuacha kazi juu ya meza ya Bi Saumu, yenye harufu ya vitunguu, nikarudi Msambweni na sanduku moja.

Athman nilimwambia siku ya tatu, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya duka la shangazi yake, mchana, watu wakipita na kutusalimu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hivyo ile mitungi niliyokuwa nikisukuma, nilikuwa nakupelekea wewe pumzi." Sikujua kama anatania. Aliondoka, na kwa wiki sita sikumwona. Badala yake alikuja yule shangazi, akazungumza mengi ya mbali, bei ya nazi na barabara ya Kombani, kisha akauliza kama kizazi kipo. Nikamwambia, "Shangazi, kwa heshima zote, mwambie aje aulize mwenyewe." Alikuja. Hakuuliza. Alileta samaki, akaomba tukae tena kwenye benchi lile lile. Tulioana mwaka uliofuata. Mama yake hakuhudhuria, na alikuja kunisamehe baadaye sana, binti yetu alipokuwa tayari anatembea.

Lakini kabla ya hayo kamati ilimtuma mama mmoja mwenye miwani, aje kwetu anisomee fomu. Nilimkaribisha ukumbini, nikampa chai na mahamri. Akaanza kusoma. Nilisikia Kiswahili changu kikitoka katika kinywa cha mtu mwingine, laini, kisicho na kona, na alipofika kwenye mstari ule wa "sitaambiwa" nikamsimamisha.

"Huo ufutwe."

"Mimi sina mamlaka ya kufuta, dada. Nimetumwa kusoma tu."

"Basi nenda kawaombe wenye mamlaka. Mwanamke aambiwe jambo lolote litakalogunduliwa linalohusu uhai wake. Si mimi peke yangu. Wote watakaofuata."

Alikunja karatasi zake akamaliza chai. Ilipita zaidi ya mwezi. Aliporudi mstari ulikuwa umebadilishwa, si kwa maneno mazuri kama yangu, lakini ulisema nilichotaka useme. Nikatia sahihi, mara hii nimeketi kwenye kiti, nimevaa nguo zangu.

Nilidhani yamekwisha. Wiki ile ile Daktari Wairimu alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yetu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimsalimu kila mtu aliyekuwepo, akakataa chakula, akakubali maji. Ukungu ulikuwa umeingia kabatini, alisema, katika ile miezi ya kungoja. Chupa zote zimekwenda. Kilichosalia ni vichupa vitatu nilivyovigandisha mimi kabla sijaondoka, navyo vilikuwa vimehifadhiwa katika mtungi wa naitrojeni wa wataalamu wa mifugo, wale wanaopeleka mbegu za madume ya ng'ombe mpaka Taru. Baada ya sahihi yangu kufika alikuwa ameviyeyusha viwili. Vyote vimekufa.

"Mikono yangu imezoea kalamu," alisema. "Nimebakiwa na kimoja."

"Daktari, mimi si mfanyakazi wako tena."

"Najua. Sikuja kukutuma. Nimekuja kukuomba, kama mwenyewe."

Nilikwenda. Nilikitoa kichupa katika moshi wa baridi, nikakizungusha katika maji ya uvuguvugu mpaka ndani pakabaki punje ndogo ya barafu, nikatia chakula tone moja, nikangoja, tone la pili, nikangoja. Daktari alisimama nyuma yangu. Bi Saumu alisimama mlangoni, pale aliporuhusiwa kufika, midomo yake ikisoma kitu. Siku ya kwanza seli zilielea kama vumbi la unga. Siku ya pili nyingi zilikuwa bado zinaelea. Sikulala pale; kila jioni nilirudi Msambweni, na Daktari hakuniomba nibaki.

Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, niliweka chupa chini ya hadubini nikaangalia. Nilihesabu, nikahesabu tena, kisha nikampisha Daktari akae. Aliangalia muda mrefu bila kuinua uso.

"Zimeshika," alisema.

"Zimeshika. Pale kushoto mbili zinagawanyika."

"Kesho kutwa zitataka kulishwa." Alisema hivyo kwa mazoea, kisha akajisikia, akanigeukia.

"Ndiyo," nikamwambia. "Utazilisha."

Nilivua koti nikalitundika. Nikamshika mkono Daktari, nikambusu Bi Saumu mikono yote miwili, nikachukua mkoba. Nje jua lilikuwa kali, na lami ilikuwa ya moto mpaka ndani ya viatu. Tuktuk ya kwanza ilipunguza mwendo, dereva akanipungia mkono, nikamwashiria apite. Nilikwenda kwa miguu mpaka Ukunda, polepole, nikisimama kila palipokuwa na kitu cha kutazama.